Milioni 24 kwa Kilomita 150: Hesabu ya Safari ya Kambi Masasi na Newala

Kutoka Dar es Salaam hadi Masasi ni takriban kilomita 580, zote lami. Masasi hadi Newala ni 70 hivi. Newala hadi Mtwara ni 140, na Mtwara hadi Dar es Salaam ni 560. Ukiongeza kilomita 150 za kuzunguka juu ya uwanda wa Makonde na kushuka bonde la Ruvuma, mzunguko mzima unafika kilomita 1,500. Kwa mwendo wa kawaida ni safari ya siku sita na usiku tano: usiku mmoja Masasi, mmoja Mtwara, na tatu katikati ndani ya hema.

Uchambuzi huu unapima safari hiyo kwa watu wanne wanaotumia gari la fowili, yaani gari ambalo magurudumu yote manne hupokea nguvu ya injini, lililovalishwa vifaa vya kulalia na kujikwamulia porini. Mfano nilioutumia ni Land Cruiser hardtop ya dizeli, injini ya lita 4.2, lile ambalo wengi wanaliita Mkonga. Umbali umeviringishwa kidogo. Bei za vifaa, posho na kukodi ni makadirio yangu ya kufanyia hesabu; mwenye risiti zake aziweke mahali pake, kwa kuwa mpangilio wa hesabu ndio wenye maana zaidi kuliko tarakimu moja moja.

Tuanze na barabara, maana ndiyo inayotajwa kuwa sababu ya gharama zote. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ina urefu wa kilomita 210. Kilomita 50 za kwanza, Mtwara hadi Mnivata, zina lami. Kilomita 160 zilizobaki, Mnivata–Newala–Masasi, ndizo zilizoingizwa katika mradi wa lami unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa hesabu ya leo nazichukua zote kuwa za changarawe. Hivyo kati ya kilomita 1,500, lami ni 1,190, changarawe ni 160, na njia za porini (njia za mchanga au udongo zisizo na tabaka lolote juu) ni 150. Kwa asilimia ni 79.3, 10.7 na 10.

Lami ikishatandikwa kote, sehemu ngumu ya safari itashuka kutoka asilimia 20.7 hadi asilimia 10. Mkulima wa Newala anayepeleka korosho au mgonjwa Masasi atapata alichokisubiri kwa miaka mingi. Mwenye gari la milioni nyingi atabaki na kilomita 150 ambazo inabidi azitafute kwa makusudi.

Sasa vifaa. Hema la kufunga juu ya paa nimelikadiria Sh 4,500,000. Keria imara ya kulibeba ni Sh 1,800,000. Spingi na shokapu za kuinua gari inchi mbili ni Sh 4,000,000. Matairi matano ya mchanga na tope, kwa Sh 750,000 kila moja, ni Sh 3,750,000. Mkonga wenyewe, yaani bomba la kuvutia hewa kutoka usawa wa paa, ni Sh 700,000. Bampa la chuma pamoja na winchi ni Sh 4,500,000. Betri ya pili na friji ya gari ni Sh 3,250,000. Tenki la maji, mbao za kujikwamulia mchangani, kompresa na kipimo cha upepo ni Sh 1,500,000. Jumla ni Sh 24,000,000.

Fedha hizo hazimalizwi na safari moja, kwa hiyo zinapaswa kugawanywa. Tuseme vifaa vinadumu miaka sita na mwishoni vinauzika kwa robo ya bei, yaani Sh 6,000,000. Kilicholiwa ni Sh 18,000,000, sawa na Sh 3,000,000 kwa mwaka. Anayesafiri mara moja kwa mwaka anabebesha safari hiyo milioni tatu nzima. Anayesafiri mara tatu anabebesha kila safari milioni moja. Anayesafiri mara sita, Sh 500,000.

Gawanya mara ya pili, sasa kwa kilomita ambazo vifaa hivyo vimenunuliwa kwa ajili yake. Kwa safari moja kwa mwaka, milioni tatu kwa kilomita 150 za porini ni Sh 20,000 kwa kila kilomita, kabla ya tone la dizeli. Kwa safari sita ni Sh 3,333. Sina shaka kwamba hii ndiyo tarakimu ambayo wauzaji wa vifaa hawaiandiki popote, na ndiyo mnunuzi anapaswa kuijua kwanza.

Robo ya bei baada ya miaka sita ni ukarimu pia. Matairi hayafiki miaka sita kwa matumizi ya kawaida ya mjini, na gari hili litatumika mjini kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ukinunua seti mbili za matairi badala ya moja, gharama ya mwaka inapanda kwa Sh 625,000. Sijaiweka kwenye hesabu kuu, ili mwenye gari apate nafuu ya shaka.

Thamani ya gari lenyewe nimeiacha nje kwa sababu hiyo hiyo. Ingekuwa ndani, picha ingebadilika sana. Gari la abiria lenye injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 hulipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 juu ya jumla hiyo, kisha VAT asilimia 18 juu ya yote. Gari lililofika bandarini kwa 100 linakuwa 125, halafu 137.5, halafu 162.25. Likiwa limezidi miaka kumi linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na 100 ile inafika 206.5 kabla ya tozo ndogo ndogo. Ninachukulia kwamba familia tayari inalo gari na inalitumia kwa mambo mengine.

Dizeli ina hesabu yake. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bandari ya Mtwara ina bei yake tofauti na ya Dar es Salaam na ya Tanga. Nimetumia Sh 3,000 kwa lita kama tarakimu ya mviringo. Kwenye lami gari lililobeba hema juu nalipa lita 14 kwa kilomita 100. Changarawe, lita 17. Njia za porini, lita 27. Hivyo lami inakula lita 166.6, changarawe 27.2, na porini 40.5. Jumla ni lita 234.3, sawa na Sh 702,900. Kila Sh 100 inayopanda au kushuka kwa lita inabadilisha bajeti kwa Sh 23,430.

Lita 27 porini zinaweza kuonekana nyingi. Zinatokana na mchanga, na juu ya uwanda wa Makonde udongo wa kichanga ndio wa kawaida. Kwenye lami, nguvu inayohitajika kusukuma gari ni takriban asilimia 1.5 ya uzito wake. Kwenye mchanga uliolegea inafika asilimia 10 na zaidi. Gari la tani tatu linahitaji hapo karibu megajuli tatu kwa kila kilomita. Lita ya dizeli ina megajuli 36 hivi, na injini ikizigeuza asilimia 30 kuwa mwendo, zinapatikana megajuli 10.8. Gawanya, unapata lita 0.27 kwa kilomita.

Kupanda mlima wa kuingia Newala, ambako watu wengi hudhani ndiko mafuta yanakoishia, ni jambo dogo. Kuinua tani tatu kwa mita 500 ni megajuli 14.7. Kwa injini ile ile ni lita 1.4, yaani Sh 4,200. Ni sawa na kutembea mchangani kilomita tano tu.

Kuna lita nyingine zinazopotea bila kuonekana, na hizo zinapotelea kwenye lami. Nguvu ya upepo unaolizuia gari hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, inaongezeka kwa asilimia 56. Hema na keria vikiongeza ulaji wa lami kutoka lita 12 hadi 14 kwa kilomita 100, hizo ni lita 23.8 kwa safari, au Sh 71,400. Kulibeba hema juu ya lami kunagharimu zaidi ya nusu ya mafuta yote ya porini.

Uzito nao uwekwe mezani. Hardtop ya aina hii nimeichukua kuwa na uwezo wa kubeba kilo 1,100. Mwenye gari asome kibao cha gari lake. Watu wanne kwa kilo 75 ni kilo 300. Hema ni 65, keria 60, bampa na winchi 110, betri ya pili na friji 60. Madumu mawili ya dizeli ya akiba ni 42, vifaa vya gereji na tairi la pili la akiba 90, maji 160, chakula na vyombo 80, mabegi 60. Jumla ni kilo 1,027, asilimia 93 ya uwezo.

Hema, keria, bampa lenye winchi, betri na friji pamoja vina kilo 295. Ni abiria wanne wengine, isipokuwa hawa hawashuki kusukuma.

Uwanda huu umewahi kupimwa kwa kipimo kingine cha mzigo. Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alitoka Lindi kwa miguu, akapita Masasi, akafika Newala na Mahuta, mizigo ikiwa vichwani mwa wapagazi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi enzi hizo ulikuwa pauni 60, karibu kilo 27. Ukiondoa abiria, gari letu limebeba kilo 727, sawa na mizigo ya wapagazi 27. Lindi hadi Masasi ni karibu kilomita 140. Kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 25 kwa siku, msafara ulihitaji siku sita au saba. Ukimpa kila mpagazi kilo moja ya nafaka kwa siku, watu 27 kwa siku sita wanakula kilo 162, na hizo zinahitaji wapagazi sita zaidi kuzibeba, isipokuwa vijiji vya njiani vitoe chakula. Na ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya vita vya Maji Maji kupita Masasi. Mzigo wa mgeni umekuwa ukiwagusa wenyeji tangu siku hizo, ndiyo maana naufuatilia kwa kilo.

Kilo 160 za maji ndizo ambazo nisingekubali zipunguzwe. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito ya kudumu. Mvua hunywewa na mchanga na kutokea chini mabondeni. Kwa vizazi vingi watu waliishi juu na kuchota chini. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa mitambo kupanda, na mradi wa Makonde unaochota Mitema ndio unaotegemewa Newala, Tandahimba na Nanyamba. Masasi na Nachingwea zina chanzo chao cha Mbwinji.

Kuinua lita 1,000 kwa mita 500, kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 60, kunahitaji umeme wa uniti 2.3 hivi, bila kuhesabu dawa, mabomba na mafundi. Kila ndoo iliyofika juu imelipiwa na mtu.

Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, kutoka kituo kisichozidi mita 400. Watu wanne wanaooga kwa bomba la gari na kuosha vyombo bila kujibana wanamaliza kwa urahisi lita 40 kila mmoja, yaani lita 160 kwa siku. Hiyo ni sehemu ya wanakijiji 6.4. Kwa siku nne ni lita 640, madumu 32 ya lita 20, yaliyochotwa kwenye kituo ambacho huenda hakitoi maji kila siku. Watu hao hao wakijipangia lita 10 kila mmoja, mahitaji ya siku nne ni lita 160 tu, na zote zinaweza kujazwa Masasi kabla ya kupanda. Kilo 160 hizo zinaingia kwenye gari bila kuvuka kikomo. Bampa na winchi vikiachwa Dar es Salaam zinaingia hata lita 270.

Winchi inastahili kuangaliwa peke yake. Ili ivute, inahitaji kitu cha kushikilia, na mti ulio karibu na njia Newala mara nyingi ni mkorosho wa mtu. Mwaka 2018 serikali ilinunua korosho ghafi kwa Sh 3,300 kwa kilo. Kwa bei hiyo, mkorosho unaotoa kilo 10 kwa msimu unampa mwenyewe Sh 33,000 kila mwaka. Kamba ya chuma ikichubua gome lake, hasara haimfuati mwenye gari hadi Dar es Salaam. Inabaki kwa mwenye shamba.

Mkonga una hoja dhaifu zaidi. Umetengenezwa ili gari livuke maji ya kina, na uwanda hauna mto wa kuvuka. Unaweza kutetewa kwa sababu ya vumbi, maana juu ya paa hewa ina vumbi pungufu. Kwa vumbi la siku nne, kichujio kipya cha hewa ni nafuu mara nyingi kuliko Sh 700,000.

Kifaa kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote mchangani ndicho cha bei ya chini kuliko vyote. Gari letu likiwa na mzigo lina karibu tani 3.2, kila gurudumu likibeba kilo 807. Kwa upepo wa psi 40, tairi linagusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 287 hivi. Ukipunguza upepo hadi psi 20, eneo linakuwa 574, maradufu, na shinikizo juu ya mchanga linapungua nusu. Kipimo cha upepo na kompresa ya kujaza tena nimevikadiria Sh 320,000 kwa pamoja, asilimia 1.3 ya milioni 24. Anayeshusha upepo lazima aendeshe polepole na aujaze tena kabla ya kurudi barabarani. Tairi laini kwa mwendo wa lami hupata joto na kupasuka.

Gharama za safari yenyewe ni hizi. Dizeli Sh 702,900. Chakula, kwa Sh 15,000 kwa mtu kwa siku, Sh 360,000. Gesti Masasi na Mtwara, vyumba viwili kila usiku kwa Sh 40,000 kimoja, Sh 160,000. Usiku tatu za kambi, kwa malipo ya Sh 30,000 kwa kijiji au mwenye eneo na Sh 15,000 kwa mlinzi, Sh 135,000. Mwongoza njia kwa siku mbili, Sh 60,000. Akiba ya pancha, oili na uchakavu, Sh 150 kwa kilomita, Sh 225,000. Jumla Sh 1,642,900. Ongeza milioni tatu za vifaa kwa anayesafiri mara moja kwa mwaka: Sh 4,642,900, au Sh 1,160,725 kwa kila mtu.

Kwa bei ile ya korosho ya 2018, Sh 4,642,900 ni kilo 1,407, magunia 17.6 ya kilo 80. Kati ya hayo, Masasi na Newala zinapata nini? Kambi, mlinzi, mwongoza njia na gesti ya Masasi ni Sh 275,000, asilimia 5.9 ya gharama yote. Ni gunia moja na kidogo. Chakula cha siku nne kikinunuliwa sokoni Masasi na Newala badala ya kupakiwa Dar es Salaam, inaongezeka Sh 240,000 na kufika Sh 515,000, asilimia 11.1. Ni magunia mawili. Uamuzi wa mahali pa kununua mchele, kuku na nyanya unakaribia kuongeza maradufu fedha inayobaki, na haumgharimu msafiri chochote. Tena unampunguzia kilo alizobeba.

Dizeli inayonunuliwa Masasi sijaihesabu kuwa fedha ya Masasi. Sehemu kubwa ya bei ya lita ni mafuta yenyewe, kodi na usafirishaji. Kituo kinabaki na faida ndogo ya rejareja.

Sasa linganisha na njia ya pili: wasafiri wale wale wapande basi hadi Masasi, wakodi gari na dereva huko huko. Nauli kikomo ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ya Desemba 2023 kwa daraja la kawaida ilikuwa Sh 48.47 kwa abiria kwa kilomita. Dar es Salaam–Masasi na kurudi kutokea Mtwara ni kilomita 1,140. Watu wanne wanalipa karibu Sh 221,000. Lami ile ile kwa gari letu, kilomita 1,140 kwa lita 14, inakula dizeli ya Sh 478,800. Basi ni chini ya nusu.

Gari la fowili na dereva nimelikadiria Sh 250,000 kwa siku, siku nne, Sh 1,000,000. Dizeli ya kilomita 360 kati ya Masasi, Newala, porini na Mtwara ni Sh 224,100, na ya kulirudisha gari Masasi tupu kwa lami ni Sh 84,000. Mahema mawili ya chini, ya Sh 200,000 kila moja, yakigawanywa kwa safari nne ni Sh 100,000. Chakula, gesti, kambi na mwongoza njia havibadiliki: Sh 715,000. Jumla ni Sh 2,344,100, Sh 586,025 kwa mtu, asilimia 50.5 ya gharama ya njia ya kwanza.

Fedha inayolipwa kwa watu wa Masasi na Newala inakuwa Sh 1,515,000, asilimia 64.6 ya jumla. Ni magunia 5.7 ya korosho, kutoka mawili. Msafiri anatumia nusu, wenyeji wanapata karibu mara tatu. Dereva wa huko pia anajua ni njia ipi imefungwa, na shamba gani limeanza kuokotwa korosho.

Dhana iliyo dhaifu hapa ni Sh 250,000 kwa siku. Magari mazuri ya kukodi si mengi Masasi, na la kuaminika linaweza kutoka Mtwara kwa bei ya juu. Likifika Sh 400,000 kwa siku, jumla inakuwa Sh 2,944,100, bado asilimia 63.4 ya njia ya kwanza. Dhana inayolisaidia gari la kwako ni wingi wa safari. Tofauti kati ya gharama ya kukodi na gharama ya safari bila vifaa ni Sh 701,200. Gawanya milioni tatu za mwaka kwa tofauti hiyo: safari 4.3. Chini ya hapo, kukodi ni nafuu. Kuanzia safari ya tano, gari lako linajilipa, ilimradi zote ni safari za siku sita zinazohitaji kweli hema juu ya paa.

Majira nayo ni gharama. Mvua za ukanda huu huanza mwishoni mwa mwaka na kwenda hadi Aprili, hivyo njia hukauka kuanzia Mei au Juni. Oktoba hadi Desemba ni msimu wa korosho: malori ni mengi, vumbi ni zito, na korosho ziko chini ya miti, mahali pale pale penye kivuli ambapo mgeni angependa kupiga hema. Juni hadi Agosti wasafiri hawamkwazi mtu. Ukiwa Newala, ukingo unaoitwa Shimo la Mungu unaonyesha bonde lote la Ruvuma na ng'ambo ya Msumbiji bila kuteremka hata mita moja.

Kwa anayetaka kuteremka hadi mtoni, kuna jambo lisilo na bei. Mapigano ya Cabo Delgado ng'ambo ya mto yalianza mwaka 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania katika mkoa wa Mtwara, kilishambuliwa. Hakuna winchi wala tairi linalochukua nafasi ya kujiandikisha polisi na kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kupiga kambi. Wakisema usilale hapo, usilale hapo.

Kwa safari moja hadi nne kwa mwaka, hesabu hizi haziungi mkono kutumia milioni 24. Panda basi hadi Masasi, kodi gari huko, nunua chakula sokoni na jaza maji yote kabla ya kupanda Newala. Mwenye gari tayari anunue kipimo cha upepo na kompresa, na vifaa vingine visubiri mpaka safari ya tano ya mwaka iwe imepangwa.